Goti la Shosho

Juzi nilienda kumsaidia Mama kupanga stoo, na kupanga stoo ya Mama si kazi, ni vita. Mama hatupi kitu. Mimi najaza gunia la takataka, yeye yuko nyuma yangu analipunguza: "Hii bado iko sawa, hii nitaitumia, hii wacha kwanza." Nilikuwa karibu kukata tamaa mkono wangu ulipogusa raba huko nyuma ya karai kuukuu. Nilijua ni nini hata kabla ya kuivuta. Raba nene nyeusi, mviringo juu ya mviringo, kama mandazi mawili yaliyokaliana, na bamba la chuma juu na chini. Nikaileta puani. Mpaka leo inanuka vilevile, grisi na vumbi la mtaa wetu wa Rhonda.

"Hiyo usiguse," Mama akasema. "Hiyo ni goti la Shosho."

Binti yangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na simu yake, akainua macho kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Goti la nani?"

Hapo ikabidi niketi nieleze. Na kwa vile wengi wenu mliokua enzi zangu mlikuwa na shosho wa magoti mabaya, na labda pia baba mwenye gari ya kuungaunga, ngojeni niwaeleze na nyinyi.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu, Rhonda, kwenye ile barabara ya kuelekea Kaptembwo, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kelele zake. Alikuwa na pickup ndogo ya zamani aliyoipata ikiwa mzoga, akaifufua kidogo kidogo kwa mikono yake. Sehemu ya kubebea mizigo aliizungushia vyuma vya mageti, vile vyenye maua na mikuki ya dhahabu juu, akaiwekea paa la turubai. Ukiiona kwa mbali ungedhani geti la tajiri wa Milimani limetoroka. Tuliiita Karembo, na kwa macho yangu hakukuwa na gari nzuri kuliko hiyo Kenya nzima.

Karembo ilikuwa na kazi moja, kubeba viazi vya Mama kutoka Molo. Na kwa kuwa Mama hajui neno "inatosha" ikifika kwa mambo ya magunia, Baba alikuwa ameongeza springi za nyuma, chuma juu ya chuma, mpaka gari ikainua makalio juu kama kuku anayetafuta mdudu. Ikibeba viazi ilikaa sawa. Ikiwa tupu, kupanda nyuma ilikuwa kama kupanda paa la choo.

Na hapo ndipo shida ya Shosho ilipoanzia.

Shosho alikuwa mama yake Baba, na tuliishi naye. Mimi nimepewa jina lake, kwa hivyo hakuniita kwa jina hata siku moja, aliniita Kajina. Goti lake la kulia lilikuwa limekataa kukunjika. Akikaa, ule mguu unanyooka mbele yake kama mlingoti. Matatu zote zilimshinda, na hata mbele kwenye Karembo, pale pembeni ya dereva, mguu haukutoshea. Kama ni kusafiri, ni nyuma, kwenye kiti chake cha sofa kilichofungwa kamba kwenye yale maua ya chuma. Kukaa huko hakukumsumbua. Alipenda kuwapungia watu. Kilichomsumbua ni kufika huko juu.

Mara ya mwisho alipandishwa nje ya kanisa, baada ya harusi. Wanaume wanne walimbeba, mmoja akisema "mshike huko", mwingine "inua, inua", na petikoti yake ikaonwa na kwaya nzima. Shosho alikuwa mama wa heshima kanisani, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya kuanzisha nyimbo. Alishuka nyumbani (akishushwa vilevile) akasema neno moja tu: "Mimi sio gunia la waru." Waru ni viazi, na tangu siku hiyo hakupanda Karembo tena. Kanisani alienda kwa miguu, polepole na bakora, na mahali pengine hakwenda.

Ingekuwa hivyo tu tungezoea. Lakini Shosho alikuwa na mdogo wake, Shosho wa Longonot, na wawili hao hawakuwa wameonana tangu goti ligome. Walikuwa wakiongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kuongea kwenyewe kulikuwa kupigiana kelele, kila mmoja akimwambia mwingine, "Si uje wewe!" Tulikuwa tunacheka. Halafu Jumapili moja Shosho alishika simu muda mrefu bila kupiga kelele. Alipomaliza aliiweka mapajani.

"Macho yake yanafunga," akamwambia Baba. "Daktari amesema taa hiyo ikizima haiwashwi tena. Anasema niende anione akiwa bado anaona."

"Maitu, twende hata kesho," Baba akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake. "Nitatafuta vijana wakupandishe pole pole."

"Sipandishwi."

"Lakini Maitu..."

"Nimesema sipandishwi." Na chai yake ikapoa pale mezani bila kuguswa, kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona.

Baba alikuwa mtu wa kupima. Alipima geti mara tatu kabla ya kukata chuma, na hata akiulizwa anataka sukari ngapi anafikiri kwanza. Kwa hivyo alipomwita rafiki yake Otis jioni hiyohiyo, bila kupima, nilijua mambo ni mazito. Otis alikuwa fundi wa springi, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa zaidi, na kwa miaka alikuwa akimwimbia Baba wimbo mmoja: toa vyuma, weka upepo. Alikuja na njaa, na kwa bahati Mama alikuwa amepika chapati, na mandazi ya chai ya kesho yalikuwa kwenye sahani.

"Sasa angalia hapa, boss," Otis akasema. Akachukua chapati nne akazipanga moja juu ya nyingine. "Hizi ndizo springi zako. Ngumu, zinabeba, lakini haziendi mahali. Mpango wa kwanza: unatoa chapati mbili ulizoongeza, zingine unaacha. Halafu juu unaweka mandazi." Akaweka andazi moja juu. "Hii ni mfuko wa upepo. Ukibeba waru, unaujaza, unasaidia chapati. Ukikosa mzigo, unapunguza. Rahisi. Siku moja kazi imeisha."

"Hiyo nimeelewa," Mama akasema. "Hiyo ni sawa."

"Ngoja, mathe. Mpango wa pili." Akaziondoa chapati zote, mbili zikaenda moja kwa moja mdomoni. "Unatoa chapati zote. Ekseli unaishika na vyuma vinne isitembee. Chesisi unaikata hapa juu ya ekseli, unaichomelea upya ikiwa na pengo, ndio gari ipate nafasi ya kushuka. Halafu unaweka mandazi kavu. Upepo peke yake ndio unabeba gari."

"Na viazi vyangu vibebwe na mandazi?" Mama akauliza. "Otis, umekunywa?"

"Mathe, basi kubwa zote zinabeba watu na hiyo mandazi! Na raha yake sasa, ukifungulia upepo, psssss..." Otis akashusha mikono yake mikubwa taratibu mpaka mezani, macho amefunga kama mtu anayeomba. "Gari inapiga magoti."

Mimi nilikuwa nimekaa chini kando ya jiko nikila chapati yangu, na neno hilo likaniingia mpaka kwenye mifupa. Inapiga magoti! Mimi nilijua kupiga magoti ni nini. Kwa Sunday school tulifundishwa kila wiki: mtu akiokoka anapiga magoti, analia kidogo, halafu watu wanapiga makofi. Sikungoja kusikia zaidi. Nilitoka mbio mpaka chumbani kwa Shosho.

"Shosho! Karembo inataka kuokoka!"

"Nini?"

"Otis amesema! Itapiga magoti, Shosho. Ataitoa vyuma vyote, iende chini, ipige magoti, ndio wewe upande!"

Shosho aliniangalia. Halafu akauangalia ule mguu wake ulionyooka kitandani. Ndipo nikakumbuka kwamba kanisani, wakati wa maombi, watu wote wakishuka chini yeye hubaki amekaa, kichwa ameinamisha sana kuliko wengine, kama mtu anayejaribu kulipia kwa shingo deni la goti. Jambo hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe, hata mtoto aliliona.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. "Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Mimi siwezi kuinama, Kajina. Basi wacha kiiname chenyewe. Siku hiyo gari ikipiga magoti mbele yangu, siku hiyo nitapanda. Na nitapanda mwenyewe."

Nilichokuwa sijui ni kwamba huko mezani, nikiwa mbali, Baba na Mama walikuwa wamemaliza kuamua. Chapati na mandazi. Mpango wa kwanza, na Baba angemtengenezea Shosho ngazi ya chuma yenye maua. Otis alikuwa ameenda nyumbani amenuna.

Asubuhi Shosho alikuja mezani mwenyewe, amevaa sweta yake ya Jumapili na haikuwa Jumapili. "Nimempigia yule wa Longonot," akatangaza. "Nimemwambia naenda. Gari itapiga magoti nipande."

Baba akaacha kikombe njiani. Mama akamwangalia Baba. Kisha wote wawili, polepole, wakaniangalia mimi. Nilijua nimefanya kitu, ila sikujua ni kipi, kwa hivyo niliendelea kula mandazi yangu.

"Maitu," Baba akaanza, "nilikuwa nafikiria ngazi..."

"Ngazi ni ya kuku."

"Muite Otis," Mama akasema, akiinuka kuosha vikombe. "Lakini viazi vyangu vikimwagika barabarani, wewe na yeye na hizo mandazi zenu mtavichuuza nyinyi."

Ile siku ya kukata chesisi sijaisahau. Baba alikuwa amekata vyuma maisha yake yote, lakini alisimama na mashine mkononi juu ya uti wa mgongo wa Karembo akapima, akapima tena, akafuta chaki, akachora upya. Otis akamwambia, "Boss, haitazaa ukiiangalia." Baba akakata. Nikaziba masikio na kuliombea gari, kwa sababu niliona kuokoka kwake kuna maumivu mengi kuliko kwetu.

Mifuko ya upepo walitoa kwa yadi ya malori yaliyochakaa. Ya kwanza ilikuwa ya trela, na Otis aliisifu wee, lakini ilikuwa mikubwa mno. Walipoijaribu Karembo ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na Mama, aliyekuwa ameketi mbele kama mkaguzi, alishuka ameshika kichwa akasema mambo ambayo siwezi kuandika. Wakarudi yadi wakapata midogo, ile inayobeba kabini ya lori ili dereva asiumie. Hiyo ikawa ndiyo, na mmojawapo ndio ule nilioukuta stoo. Wakafunga tangi dogo la upepo chini ya gari, la kujazwa kwa kompresa ya karakana, na mpini mmoja ubavuni: ukiuvuta gari inashuka, ukiusukuma inainuka. Mama akaleta magunia yake mwenyewe, akayapanga mwenyewe, akazunguka gari nzima akichungulia magurudumu. Karembo ikasimama wima.

"Haya," Mama akasema. Kwa Mama, "haya" ni sherehe.

Mimi nami nilikuwa nimetangaza. Siku ya Shosho kupanda, karakana ilijaa watoto wa Sunday school wakitaka kuona gari inaokoka, na mmoja alikuwa amekuja na kayamba ya kwaya. Baba aliuliza, "Hawa wote wanataka nini?" Shosho naye alikuwa anatoka.

Alikuja na bakora yake na kitambaa cheupe, akasimama nyuma ya Karembo. Baba akavuta mpini. *Pssssss.* Yale makalio ya kuku yakaanza kushuka, pole, pole, maua ya chuma yakatetemeka, mpaka kile kilango cha nyuma kilichofunguliwa kikawa chini kama kizingiti cha nyumba. Watoto wakapiga makofi. Kayamba ikalia. Mtu akapaza sauti, "Amina!" na Otis, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, akavua kofia.

Shosho alitanguliza mguu mzima, akauvuta ule wa mlingoti, akaingia. Peke yake. Akakaa kwenye sofa lake, akapanga sketi, akatutazama sote kama anayesubiri tumalize ujinga wetu. Mimi nikalia, na sikuwa najua kwa nini.

"Na huo upepo wa kwa tangi," akamuuliza Baba wakati anamfunga mkanda wa kamba, "unatosha kuinuka mara ngapi?"

"Nikiongeza sasa hivi, kule tutainuka mara mbili, Maitu. Moja ya kuzungusha gari, moja ya kurudi. Usijali."

"Sijali," Shosho akasema.

Nilisafiri naye huko nyuma, mimi nimekaa juu ya debe, Baba na Mama mbele. Gilgil aliwapungia watu, Naivasha aliwapungia watu, punda milia kando ya barabara aliwapungia pia. Kila tuta tulilolivuka Karembo ilishusha pumzi tu ikaendelea, na Shosho akasema hata kitandani hajawahi kulala hivyo. Mlima Longonot ulipoanza kuonekana aliacha kupunga, akashika mkono wangu.

Shosho wa Longonot alikuwa amesimama kwa geti lake la mabati, akitazama mahali gari haikuwa. Baba akavuta mpini.

"Ngai! Nyoka!" yule mdogo akapiga kelele aliposikia ile pssssss.

"Nyoka ni wewe," Shosho akajibu akishuka. "Ni gari yangu inasalimia."

Wakashikana. Yule mdogo akamgeuza dada yake kwenye jua, akamshika mashavu, akamsogeza karibu, akamsogeza mbali kidogo, akimtafuta mahali ambapo jicho bado lilikuwa na nafasi. Alimtazama hivyo mpaka sisi wengine tukaona haya.

"Umezeeka vibaya," akasema mwishowe. "Lakini meno bado unayo."

"Na wewe macho ndiyo yamekwisha. Mdomo haujapata kitu."

Wakacheka mpaka wakatafutiwa viti. Siku nzima hawakuachana, wakila, wakibishana ni nani alimwaga maziwa ya mama yao huko zamani, yule mdogo kila mara akirudi kumtazama mwenzake, kama mtu anayeweka akiba. Jua likianza kuinama Baba akaiinua Karembo, akaizungusha ikaelekea barabarani, akaishusha tena. Shosho akapanda mwenyewe. Baba akaiinua. Hapo upepo wa tangi ukawa umekwisha kazi yake, tulichobaki nacho ni kwenda.

"Hamwezi kwenda bila maombi," akasema Shosho wa Longonot. Naye akaanza kushuka chini, ameshika bega la Mama, na sisi sote tukapiga magoti kwenye lile vumbi jepesi la kule linaloingia mpaka kwenye soksi.

"Ngojeni," ikasema sauti kutoka juu. Shosho alikuwa kwenye sofa lake, juu yetu wote, amekunja uso. "Mimi siwezi kuomba nimekaa huku juu kama mheshimiwa, na watu wamepiga magoti. Shusha gari."

"Maitu," Baba akasema, "upepo ni huo tu. Nikishusha sasa, haiinuki, na ikiwa chini haiendi popote."

"Nimekusikia. Shusha."

Baba alimwangalia, na kwa mara moja hakupima. *Pssssss.* Karembo ikashuka pole pole mpaka Shosho akawa sawa na sisi, uso kwa uso na mdogo wake. Akafumba macho. "Haya, omba," akasema. "Langu limepigwa."

Yalikuwa maombi marefu. Baada ya amina Baba alisukuma mpini kwa ajili ya kujaribu tu, na tangi likatoa kikohozi kidogo. Mtu wa pancha pale senta alikuwa amefunga, na kompresa nyingine ilikuwa Naivasha. Baba akaanza kujieleza, upepo, mpini, giza linaingia, hatujabeba hata blanketi, sijui watoto wa shule kesho...

Shosho hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshashuka mwenyewe, na mkono wake ulikuwa mkononi mwa mdogo wake.

"Nionyeshe mahali nitalala," akasema.

"Kitanda nilitandika tangu asubuhi," akajibu Shosho wa Longonot.

Yale macho yalifunga kabisa kabla ya viazi vya msimu uliofuata kutoka shambani. Tulipoenda tena, mimi ndiye niliyemshika Shosho wa Longonot mkono kumpeleka mpaka kwenye Karembo, maana sasa hakuona njia, na nikamuuliza, kwa ule ujinga wa kitoto, kama bado anakumbuka Shosho anakaa vipi usoni. Akacheka.

"Kajina," akasema, "usiku ule hatukuzima taa. Nilimwangalia mpaka nikashiba."